Maumivu Si Kipimo cha Imani

Maandiko ya kusoma: Mithali 31:4–9, 2 Wafalme 20:1–7, Luka 10:30–37, 1 Wakorintho 6:12
Aya ya kukariri nyumbani: Mithali 31:8

 

Wapendwa, Jumapili hii nataka tuongee jambo ambalo huwa tunaliongea kwa kunong'ona. Tunaombea wagonjwa kila Ijumaa, na Mungu wetu anaponya, sisi ni mashahidi. Lakini kuna wagonjwa katikati yetu ambao wameombewa, wametibiwa, na daktari amewaambia ugonjwa hautarudi nyuma. Wako kwa nyumba zetu, kwa chumba cha nyuma, na wanaumia. Swali langu ni moja: kanisa linasema nini kuhusu maumivu yao? Na linasema nini kuhusu ile chupa ya dawa iliyo kando ya kitanda, dawa ambayo ikiwa mkononi mwa mgonjwa ni msaada, na ikiwa mkononi mwa kijana wa mtaani ni kaburi?

Fungua Biblia yako Mithali 31. Kina mama mnaipenda sura hii kwa sababu ya mke mwema. Leo hatufiki huko, tutakaa pale mwanzoni, ambapo mama anamfunza mwanawe Mfalme Lemueli. Ukisoma aya ya 4 mpaka 9 utaona mama huyu anasema mambo matatu, moja baada ya jingine. Kwanza anamwambia mfalme akae mbali na kileo, asije akasahau sheria na kuwapotosha maskini hukumu yao. Kisha hapo hapo anasema kinywaji kikali apewe mtu anayeelekea kufa, na divai apewe mwenye uchungu moyoni, asahau taabu yake. Halafu anamwagiza mwanawe afungue kinywa kwa ajili ya asiyeweza kujisemea.

Sasa asitoke mtu hapa akaenda baa akasema mchungaji amemruhusu! Mama Lemueli hafungui baa. Enzi zile hakukuwa na hospitali, na divai ndiyo ilikuwa dawa ya maumivu. Angalia hekima yake. Hasemi kitu hiki ni kibaya kwa wote, wala hasemi ni kizuri kwa wote. Anauliza: nani anakishika, kwa sababu gani, na kitamfanya nini? Basi tufuate mistari yake mitatu: linda, toa, nena.

1. LINDA (aya ya 4–5)

Tuanze na hatari, kwa sababu hatari ipo, na mchungaji anayeificha hapendi kondoo wake.

Dawa kali kabisa za maumivu zinatoka katika jamii moja, jamii ya afyuni. Mofini iko humo. Kodeini iko humo. Tramadoli iko humo. Na heroini, ile vijana wanaiita unga, nayo imo humo. Ni ndugu wa ukoo mmoja. Waulize watu wa Mombasa, Malindi na Lamu unga umefanya nini. Familia ngapi zimeuza vitanda na sufuria ili kumfuata mtoto ambaye alishaingia? Tunawaita mateja, tunawapita wakiwa wamelala kwa mtaro, tunashika mikoba yetu vizuri. Lakini kila mteja ana mama anayemwombea usiku.

Hata zile za hospitali si za kuchezewa. Tazama Marekani. Kuanzia mwaka 1996 kampuni ya Purdue ilianza kuuza kidonge cha OxyContin kwa nguvu sana, ikiwaambia madaktari hatari ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kwamba ilipotosha watu, na mwaka 2020 ikakiri makosa mengine. Watu waliopewa vidonge kwa maumivu ya mgongo na ya jino walianza kuvitegemea. Wengine walipokosa vidonge wakahamia heroini, kisha fentanili ya magendo. Mwaka 2021 peke yake, zaidi ya watu 100,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa, na wengi wao ni kwa dawa za jamii hii.

Paulo anaandika katika 1 Wakorintho 6:12 kwamba hata kitu kilicho halali kwake hatakubali kimtawale. Hiyo ndiyo mipaka. Kidonge cha maumivu ulichopewa mwaka jana ulipoteguka mguu, na bado unakitafuta kwa kemisti bila karatasi ya daktari ili upate usingizi, hicho kimeshaanza kukutawala. Ukiona ni wewe, usione haya. Njoo, tuongee, na tukupeleke kwa wataalamu.

Kuna familia moja ilinijia ofisini baada ya mazishi ya baba yao. Mzee alikuwa akitumia mofini ya maji, na alipolala usingizi wa mwisho chupa ilibaki kwa kabati la jikoni. Hakuna aliyeifikiria. Watu walikuwa na matanga, chai, wageni. Kijana wa nyumba akaanza kuonja kidogo kidogo, na ili asijulikane akawa anaongeza maji. Mamake aligundua alipotaka kuirudisha hospitalini. Wapendwa, kosa halikuwa kwamba mzee alipewa dawa. Mzee aliihitaji na ilimsaidia. Tatizo ni mlango uliobaki wazi baada yake. Kijana yuko kwa matibabu, na tunamshukuru Mungu alipatikana mapema.

Kwa hiyo nikisema linda, namaanisha vitendo:

– Dawa ikae ndani ya kisanduku chenye kufuli, na ufunguo uwe na mtu mmoja au wawili.
– Kuwe na daftari: saa ngapi mgonjwa amepewa, kiasi gani, nani amempa.
– Dozi ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Usimpe shangazi mwenye kichwa kinachouma, hata akilia.
– Ikiwa nyumbani kuna mtu anayepambana na unga au pombe, mwambie nesi waziwazi. Hiyo haimaanishi mgonjwa atanyimwa. Nesi atatoa kiasi kidogo kidogo na kuhesabu.
– Mgonjwa akifariki au dawa ikibadilishwa, iliyobaki irudishwe ilikotoka kabla ya matanga kwisha.

2. TOA (aya ya 6–7)

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tumekwama. Mama Lemueli hakusimama kwa aya ya 5. Kuna Mkristo anayeisoma aya ya 5 kwa sauti kubwa, halafu anafunga Biblia kabla ya kufika aya ya 6.

Majuzi nilienda na wazee wawili wa kanisa kumwona mama mmoja wetu. Ameniruhusu niseme habari zake bila jina, kwa sababu anataka wengine wasaidike. Ana saratani ya njia ya uzazi. Tulimkuta amekunja magoti mpaka kifuani, ameuma leso ili majirani wasimsikie. Kwa dirisha kulikuwa na chupa ya mofini ambayo haikuwa imefunguliwa, siku ya kumi na moja tangu itoke hospitalini. Nikamuuliza mkaza mwana, kwani dawa hii? Akaniambia, "Mchungaji, tuliambiwa hiyo ni ile ya mateja. Na tena tuliambiwa mtu wa Mungu akiinywa anamwambia Mungu kwamba maombi yameshindwa."

Simtafuti aliyesema hayo. Pengine alisema kwa moyo mzuri. Lakini lazima nijibu, kwa sababu maneno hayo yanazunguka kwa vikundi vyetu vya maombi, na kuna watu wanaumia usiku huu kwa ajili yake.

Jibu la kwanza: dawa haishindani na maombi. Katika 2 Wafalme 20, Hezekia aliomba akalia, na Mungu akamtumia Isaya na habari kwamba atapona. Mungu ameshasema! Na bado Isaya akaagiza waandae mkate wa tini wauweke juu ya jipu. Nabii mwenye neno la uponyaji mdomoni ndiye aliyeagiza dawa. Je, Isaya alikosa imani?

Jibu la pili linahusu Golgotha. Kuna anayesema, "Yesu alipewa divai yenye manemane msalabani akaikataa, basi na sisi tukatae." Ni kweli, Marko 15:23 inasema hakuipokea. Mapokeo ya Kiyahudi yanaeleza kwamba wanawake wa Yerusalemu walikuwa wakiwapa waliohukumiwa kufa kinywaji cha kupunguza fahamu, na waliitegemeza desturi hiyo juu ya Mithali 31 hii hii tunayoisoma. Yesu alikataa kwa sababu alikuwa anakinywa kikombe chetu sote, na alitaka kukinywa mpaka mwisho akiwa macho. Lakini hakuwakemea waliompa. Hakuwageukia wale wanyang'anyi wawili akawaambia nao wakatae. Na kabla ya kukata roho, Yohana 19 inasema aliona kiu akasema, akapokea siki. Kazi ya msalaba imekwisha. Usimpandishe mama yako Golgotha mara ya pili. Maumivu yake hayaongezi chochote juu ya damu ya Yesu. Nani anasema Amina?

Jibu la tatu ni kuhusu ile hofu kwamba mofini ni dawa ya kumalizia watu. Watu wanasema, "Ukiona amewekwa kwa mofini, anza kununua sanda." Si hivyo. Mofini hutolewa kwa sababu ya maumivu makali, siyo kwa sababu saa imefika. Shirika la Afya Duniani mwaka 1986 liliweka ngazi ya kutibu maumivu ya saratani: unaanza na dawa ndogo, maumivu yakizidi unapanda, na juu ya ngazi iko mofini. Mtu anaweza kuitumia miezi mingi. Anaanzishwa na kiasi kidogo, kisha kinaongezwa polepole mpaka maumivu yatulie. Ile ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, kwa saa ya ukutani, siyo kwa kilio. Msingoje mgonjwa apige kelele ndipo mtafute kijiko. Siku za kwanza anaweza kusinzia na kusikia kichefuchefu, na mara nyingi hupita. Kufunga choo hakupiti, kwa hiyo huandikiwa dawa ya kulainisha choo pamoja nayo. Na mkiona haamki mnapomwita, au anapumua polepole sana, msikae mkiangaliana: tafuteni msaada wa hospitali mara moja.

Je, atakuwa mteja? Mwili wa anayetumia mofini kwa muda huizoea, ndiyo maana haiachwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo. Lakini mwili kuzoea si uraibu. Mraibu anaikimbilia dawa huku maisha yake yanabomoka. Mgonjwa wa saratani anayesimamiwa vizuri, dawa inamrudishia maisha. Yule mama, nesi wa hospisi alifika jioni ile, akakaa kitandani naye, akaeleza familia yote. Asubuhi alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa amelala usiku mzima. Ameomba uji, akauliza habari za wajukuu, na wiki ile akaita wanawe wote akawaeleza mambo ya shamba ili wasije wakapigana. Ugonjwa haujaondoka, na tunaendelea kuomba. Lakini mtu aliyekuwa ni kilio tu, akawa tena mama.

Huyu nesi ni Msamaria. Luka 10 inatuambia Msamaria alimimina mafuta na divai kwa jeraha, akalifunga, akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake, akatoa dinari mbili na kuahidi kulipa zaidi. Hakumuuliza, "Je, una imani ya kutosha?" Alitibu. Ndivyo huduma hii ya wagonjwa wasiopona ilivyoanza siku hizi zetu. Cicely Saunders, mwanamke Mkristo aliyekuwa nesi, kisha mfanyakazi wa jamii, kisha daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's kule London mwaka 1967. Yeye alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana pande nne: ya mwili, ya moyo, ya jamii na mfuko, na ya roho. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Jirani zetu Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akitumia mofini ya maji inayotengenezwa kutokana na unga wake na maji, kwa bei ambayo maskini anaweza kufikiwa.

Sasa angalia zile pande nne. Mofini inashika moja. Nani atashika tatu? Nani atakaa na mgonjwa kama marafiki wa Ayubu walivyokaa siku saba bila kusema neno, kabla hawajaharibu kwa kuongea? Nani atalipia boda ya kwenda kliniki? Nani atamsikia akisema, "Naogopa kufa," bila kumkemea? Hiyo ni kazi yetu, na hakuna kemisti inayoiuza.

3. NENA (aya ya 8–9)

Mama Lemueli anamalizia kwa kumwambia mfalme asiwe bubu. Mtu mwenye maumivu makali hawezi kwenda kwa ofisi ya kaunti. Hawezi kuandamana. Anahitaji kinywa cha mtu mwingine.

Mnajua dunia imekubali mambo haya mawili pamoja tangu zamani? Mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 unasema dawa hizi ni za lazima kwa kutuliza maumivu na nchi zihakikishe zinapatikana, na pia unasema matumizi mabaya yazuiwe. Linda na toa, kama Mithali 31. Lakini nchi nyingi zilishika nusu. Sheria yetu ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya ina adhabu kali kwa walanguzi, na inafaa iwe nazo. Inaruhusu pia matumizi ya kitabibu, lakini hofu ilienea mpaka kwa wodi. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti mwaka 2010 kuhusu watoto wanaoumia Kenya, likaonyesha kwamba mofini ilipatikana katika hospitali 7 tu kati ya takriban 250 za umma. Tangu hapo hatua zimepigwa. Hospitali nyingi zaidi zimefungua huduma hii, na taifa lina sera yake ya 2021 hadi 2030. Lakini ukienda kwa zahanati ya mashambani, mara nyingi bado utaambiwa urudi kesho.

Tume ya wataalamu iliyoandika katika jarida la Lancet mwaka 2017 ilihesabu kwamba kati ya tani 298.5 za dawa hizi zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Hiyo ni kilo mia moja! Barabara ina mitaro miwili, wapendwa. Marekani ilitumbukia wa kushoto, dawa ikamwagwa ovyo kwa sababu ya faida. Sisi tumelala kwa mtaro wa kulia, dawa imefungiwa na maskini anakufa akiuma leso. Anayekimbia mtaro mmoja bila kuangalia huangukia mwingine. Na njia ya katikati ipo. Uganda mwaka 2004 iliruhusu kisheria manesi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalum kuandika mofini, kwa sababu madaktari hawafiki vijijini. Walifundisha watu kwanza, ndipo wakawakabidhi ufunguo.

Basi tunene. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Tukikutana na MCA wetu, tusiulize barabara peke yake. Tumuulize: hospitali yetu ndogo ina mofini? Ina nesi aliyefundishwa kuitoa? Dawa ikikatika, nani anawajibika? Na tuulize pia: wale vijana wa unga wanatibiwa wapi? Serikali ilianza kliniki za methadoni mwaka 2014, hapo Mathari, kisha Pwani. Methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni, lakini inanywewa kwa kipimo, mbele ya mhudumu, ili kijana aache sindano. Ukimwona ndugu anaenda kuichukua kila asubuhi, usimcheke eti amebadilisha dawa kwa dawa. Anapigania uhai wake. Mwambie, "Ndugu yangu, Mungu akutie nguvu," na umwonyeshe kiti kanisani.

Ona jinsi mteja na mgonjwa wa saratani wanavyotazamana. Mmoja anaumizwa na dawa kupatikana bila mlinzi, mwingine anaumizwa na dawa kukosekana. Ukimnyima mgonjwa, hujamwokoa mteja hata mmoja. Unga wake hautoki kwa chupa ya mama huyu, unatoka kwa walanguzi. Na ukifungua mlango bila kufuli, hujampenda mgonjwa, umempoteza mjukuu wake. Tunawahitaji wote wawili mezani pa Bwana.

AGIZO LA WIKI

Kuanzia leo, katika kanisa hili, mtu yeyote asimwambie mgonjwa aache dawa aliyoandikiwa. Awe mzee wa kanisa, awe mwombaji, awe mgeni aliyekuja na unabii. Ukiona ndotoni kwamba amepona, haleluya, mpeleke kwa daktari athibitishe. Kikundi cha kutembelea wagonjwa kitaketi na nesi wa hospisi Jumamosi saa nane hapa kanisani. Familia zenye mgonjwa zifike hata kama si washirika wetu.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kwa nini mama Lemueli anamkataza mfalme kile anachoagiza apewe anayekufa?
2. Ni maneno gani tumezoea kumwambia mgonjwa ambayo yanamwongezea mzigo?
3. Katika eneo letu, ni mgonjwa gani ana maumivu na hana wa kumsemea? Tutafanya nini kabla ya Jumapili?

TUOMBE

Baba wa rehema, wewe unajua jina la kila mtu anayeuma leso usiku huu. Mfikie kwa uponyaji wako, na umfikie kwa mikono ya waganga uliowapa maarifa. Wape manesi wetu hekima ya kupima, na viongozi wetu ujasiri wa kutenda. Wafungue watoto wetu waliofungwa na unga, uwarudishe nyumbani. Tufanye kanisa lisilo na hofu ya kitanda cha mgonjwa. Tunangoja siku ile ambayo maumivu hayatakuwako tena. Na mpaka ifike, tupe kulinda, kutoa na kunena. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.